Mwongozo Kamili wa Kutumia Makumbusho ya Madini: Kutoka Kabati la Maonyesho Hadi Droo ya Utafiti

Mwaka 1801 mkemia Mwingereza Charles Hatchett alichunguza jiwe jeusi na zito lililokuwa limehifadhiwa kwa miaka mingi katika British Museum, jijini London. Jiwe hilo lilitoka katika mkusanyiko wa tabibu Hans Sloane, aliyefariki mwaka 1753, na orodha ya mkusanyiko huo ilikuwa na maelezo mafupi kwamba lilitumwa na Winthrop kutoka makoloni ya Uingereza ya Amerika Kaskazini. Hatchett alipolichambua alikuta ndani yake elementi iliyokuwa haijajulikana, ambayo leo tunaiita niobi. Kama maelezo yale ya orodha yangepotea, elementi ingegunduliwa katika jiwe lisilo na kwao, wala asingejulikana wa kuulizwa ni wapi litafutwe jingine.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu inaonyesha kazi ya makumbusho ya madini, kazi ambayo wageni wengi huondoka bila kuiona. Kinachowekwa nyuma ya vioo kwa kawaida ni sehemu ndogo ya mali yote. Sehemu kubwa imo katika droo za hifadhi ya utafiti, ambako mawe yasiyovutia macho hukaa pamoja na maandishi yake yakisubiri swali. Droo hizo haziwahusu maprofesa peke yao. Mwanafunzi, mchimbaji, mkusanyaji wa mawe, mwalimu au fundi wa vito mwenye swali la kweli anaweza kuomba kuzitumia, mradi ajue utaratibu. Mwongozo huu unaeleza utaratibu huo.

Hatua ya kwanza: fahamu jinsi mkusanyiko ulivyopangwa

Kabla ya kuomba chochote, jifunze namna makumbusho yanavyogawa mali yake, kwa maana jiwe moja linaweza kutafutwa kwa njia tatu au nne tofauti. Mgawanyo wa kwanza na wa kawaida zaidi ni ule unaofuata kemia: elementi zinazopatikana peke yake kama dhahabu, shaba na salfa huanza, zikifuatwa na salfaidi kama galena na piriti, kisha halaidi, oksaidi, kaboneti, salfeti, fosfeti na silikati. Mpango wa aina hii unatokana na kazi ya Mmarekani James Dwight Dana, aliyetoa kitabu chake cha kwanza cha mfumo wa madini mwaka 1837, na ya Mjerumani Hugo Strunz, aliyetoa majedwali yake mwaka 1941. Mifumo hiyo miwili hailingani kila mahali. Mfano unaowasumbua wageni ni wa kwatsi, ambayo Strunz aliiweka pamoja na oksaidi, ilhali katika mfumo wa Dana utaikuta miongoni mwa silikati. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mtunzaji ni mfumo upi unaofuatwa katika droo zake.

Mgawanyo wa pili hufuata mahali, ambapo madini yote ya mgodi au wilaya fulani hukaa pamoja. Kwa mtu anayechunguza jinsi mbale, yaani mwamba wenye madini ya kuchimbwa, ilivyoundwa, mkusanyiko wa aina hii una thamani kuliko kabati lolote la fuwele nzuri, kwa sababu unaonyesha ni madini gani yaliota pamoja na yapi yalifuata baadaye. Tena migodi mingi iliyotoa sampuli hizo imeshafungwa au imejaa maji, na hapana njia ya kurudi kuzichukua upya.

Mgawanyo wa tatu ni mdogo kwa ukubwa lakini hulindwa kuliko yote. Hizi ni sampuli za rejea ambazo wataalamu huziita holotipu na kotipu, yaani vipande vilevile vilivyotumika kuyaeleza madini mapya kwa mara ya kwanza. Jumuiya ya Kimataifa ya Madini, iliyoundwa mwaka 1958, ndiyo inayoidhinisha madini mapya na majina yake, na miongoni mwa masharti yake ni kwamba sampuli iliyochunguzwa iwekwe katika makumbusho au mkusanyiko wa kudumu unaotambulika. Idadi ya madini yaliyoidhinishwa imeshapita 6,000, na mengi kati ya hayo yanajulikana kutoka sehemu moja tu duniani. Mtu akidai kwamba maelezo ya awali yalikosea, hukumu hutolewa kwa kulirudia jiwe lenyewe.

Hatua ya pili: tembelea ukumbi wa maonyesho kwa macho ya kazi

Ukumbi wa wazi ni shule ya macho, nami ninapendekeza utembelewe angalau mara mbili kabla ya kugusa sampuli yoyote ya hifadhi. Chukua daftari, penseli na tochi ndogo, baada ya kuuliza kama tochi inaruhusiwa. Chagua madini matano au sita, si mia, na kwa kila moja uandike umbo la fuwele, mng'ao, namna linavyopasuka, jiwe mama lililolibeba na madini yaliyoandamana nalo. Rangi iandikwe mwisho. Fluoriti inaweza kuwa zambarau, kijani, njano, buluu au isiwe na rangi kabisa, na mtu aliyezoea kutambua mawe kwa rangi atayachanganya na kwatsi au kalsiti kila siku. Lakini mchemraba wa fluoriti na nguzo ya pembe sita ya kwatsi havifanani hata gizani. Ugumu nao hutenganisha mawe haya vizuri: katika kipimo cha Friedrich Mohs cha mwaka 1812, kalsiti ni 3, fluoriti ni 4 na kwatsi ni 7. Mbele ya kioo huwezi kukwaruza kitu, hivyo tumia nafasi hiyo kulinganisha maumbo na kuacha jaribio la ugumu kwa mawe yako mwenyewe.

Ukumbi ukiwa na chumba cha mwanga wa urujuanimno, usikipite haraka. Humo baadhi ya madini hung'aa kwa rangi yasiyokuwa nayo katika mwanga wa kawaida. Neno la kisayansi la mng'ao huo, fluoresensi, lilitokana na jina la fluoriti, na aliyelitunga ni George Stokes mwaka 1852. Kalsiti na wilemiti za Franklin, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, huwaka nyekundu na kijani kando kwa kando katika kipande kimoja, na hapo ndipo jicho huona mpaka kati ya madini mawili ambayo katika mwanga wa kawaida yanaonekana kama jiwe moja. Taa ya urujuanimno ya mawimbi mafupi huumiza macho. Itazame tu kupitia kioo au miwani ya kinga.

Halafu soma lebo. Lebo kamili ina jina la madini, mahali yalipopatikana, jina la aliyeyakusanya au kuyatoa na nambari ya usajili. Nakili nambari hiyo jinsi ilivyo, pamoja na herufi na alama zake zote, kwa kuwa ndiyo itakayokufungulia mlango wa hifadhi. Majina ya mahali yanahitaji uangalifu wa pekee. Lebo ya zamani inayosema Joachimsthal inazungumzia mji wa Ucheki unaoitwa leo Jáchymov, na lebo ya Jadotville inahusu Likasi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Jina la zamani si kosa la kusahihishwa kwa kufuta. Ni ushahidi wa wakati ambapo jiwe lilikusanywa, na mara nyingine ndilo linalosaidia kubaini uongo, iwapo lebo inayodaiwa kuwa ya zamani inataja jina ambalo wakati huo lilikuwa halijatungwa.

Hatua ya tatu: tengeneza swali linalojibika

Maombi mengi hukataliwa kwa sababu mwombaji anataka kuona kila kitu. Mtunzaji akipokea barua inayosema mwandishi anapenda madini na angependa kutazama hifadhi, hana pa kuanzia: hajui afungue droo ipi, atenge saa ngapi, wala aandae kinga gani. Swali linalojibika lina madini yaliyotajwa, mahali palipotajwa na kipimo kilichotajwa. Mfano mzuri ni huu: je, fuwele za galena za mgodi fulani zilizokusanywa katika ngazi za juu zina maumbo tofauti na zile za ngazi za chini? Swali hilo linaweza kujibiwa kwa macho, lenzi ya mkono na rula, bila kuvunja hata chembe.

Baada ya kupata swali, pitia orodha ya makumbusho. Makumbusho makubwa mengi yameweka sehemu ya orodha zao kwenye intaneti, na hifadhidata ya wazi ya Mindat hukusaidia kujua ni madini gani yameripotiwa mahali unapopachunguza. Tafuta kwa tahajia zaidi ya moja, kwa majina ya kale na ya sasa, na kwa lugha ya nchi ambayo jiwe lilitoka. Usipoona kitu usikate tamaa, kwa maana orodha za intaneti mara nyingi ziko nyuma ya daftari la usajili, na lipo daftari la mkono ambalo mtunzaji peke yake ndiye anayelijua vizuri.

Hatua ya nne: andika ombi

Ombi zuri halizidi ukurasa mmoja. Jitambulishe kwa sentensi mbili, eleza swali lako, taja nambari za sampuli unazotaka kuona, sema utafanya nini nazo na kwa kutumia kifaa gani, pendekeza tarehe mbili au tatu, na useme matokeo yataishia wapi. Kama unataka kupiga picha, taja kama ni kwa matumizi yako au kwa kuchapishwa, kwani ruhusa hizo mbili ni tofauti. Kama huna taasisi inayokudhamini, sema wazi na umwambatanishe mtu anayeifahamu kazi yako. Kujifanya mtafiti wa chuo hubainika mapema, na imani ikishavunjika hairudi kwa barua ya pili. Tuma ombi wiki kadhaa kabla ya siku unayoitaka, kwa kuwa makumbusho mengi yana mtunzaji mmoja wa madini, na baadhi hayana hata huyo.

Hatua ya tano: siku ya kazi ndani ya hifadhi

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu madhara mengi hutokea kwa nia njema. Watu hudhani jiwe ni jiwe, na kwamba kilichodumu ardhini kwa mamilioni ya miaka hakiwezi kuharibiwa na kiganja. Sivyo. Fuwele za salfa hazipitishi joto vizuri, kwa hiyo joto la mkono peke yake hufanya upande mmoja utanuke kuliko mwingine na fuwele ikapasuka kwa sauti inayosikika. Realga, salfaidi nyekundu ya aseniki, hugeuka unga wa njano ikikaa kwenye mwanga, ndiyo maana huhifadhiwa kwenye boksi lililofungwa. Chumvi ya mawe huanza kuyeyuka yenyewe pale unyevu wa hewa unapofika kiasi cha asilimia 75. Piriti zilizo dhaifu, zikiachwa katika unyevu unaozidi asilimia 60, huoza: hutoa asidi ya salfuriki ambayo hula jiwe, kisha boksi, kisha lebo. Na hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu piriti nyingine inaweza kupatikana lakini lebo ya mkusanyaji wa karne iliyopita haina nakala. Droo za mbao za mwaloni nazo hutoa mvuke wa asidi unaodhuru madini ya risasi, hivyo ukiona ukungu mweupe juu ya sampuli ya risasi, mwarifu mtunzaji mara moja wala usiupanguse.

Fanya hivi, basi. Nawa mikono, vua pete na bangili, na uweke chai yako nje ya chumba. Tandika kitambaa laini au sponji juu ya meza. Toa trei moja tu kwa wakati mmoja, uiweke mezani pamoja na lebo zake zote, na usiinue trei ya pili kabla ya kuirudisha ya kwanza. Kanuni hii inachosha pale unapotaka kulinganisha, lakini lebo mbili zikishabadilishana trei, sampuli zote mbili zimepoteza thamani yake ya kisayansi, na hakuna mashine inayoweza kurudisha uhakika uliokuwapo. Ukihitaji kulinganisha mawe kadhaa, piga kwanza picha ya kila moja likiwa na lebo yake na rula ndani ya fremu ileile. Jiwe lishikwe kwa mikono miwili, kwa jiwe mama na si kwa fuwele, huku likiwa karibu na meza.

Usilambe jiwe ili kuona rangi yake ikilowa, ingawa desturi hiyo ipo uwandani. Madini ya aseniki, risasi, zebaki na urani yamo katika mikusanyiko yote mikubwa. Madini ya nyuzi kama krisotili, ambayo ni asbesto, hayafunguliwi nje ya chombo chake. Sampuli za urani hutoa gesi ya radoni inayojikusanya katika kabati lililofungwa, ndiyo sababu chumba chake kinahitaji hewa inayozunguka na muda wako humo hupimwa. Mtunzaji akikukatalia droo fulani kwa sababu hizi, usibishane naye.

Hatua ya sita: ukihitaji kuchukua sehemu ya jiwe

Anza na njia zisizoharibu. Hadubini ya kawaida hujibu maswali mengi kuliko watu wanavyodhani, na spektroskopia ya Raman, inayotumia mwanga wa leza, hutambua madini bila kuyagusa, ingawa leza yenye nguvu inaweza kuunguza madini meusi. Kipimo cha unga kwa eksirei huhitaji unga kidogo sana, mara nyingi miligramu chache, wakati kipande chembamba cha kutazamia kwa hadubini, chenye unene wa milimita 0.03, hudai jiwe likatwe kwa msumeno. Kadiri njia inavyoharibu, ndivyo ombi linavyotakiwa kueleza zaidi: ni miligramu ngapi, kutoka upande upi wa sampuli, kwa nini sampuli hii na si nyingine ya kawaida kutoka mahali palepale.

Makumbusho yakisita, kumbuka kimondo cha Wedderburn kilichopatikana katika jimbo la Victoria nchini Australia mwaka 1951. Vipande vyake vilikatwa na kugawiwa watafiti hadi kilichobaki katika makumbusho ya jimbo hilo kikawa takriban thuluthi moja. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba ndani yake yamo madini mapya ya chuma na kaboni yaliyopewa jina la edskotiti. Kisa hiki kina pande mbili: bila kukata, madini hayo yasingejulikana; na kama kila kizazi kingekata kwa uhuru, kizazi hiki kisingekuta cha kuchunguza. Kwangu mimi upande wa pili una uzito zaidi, kwani vifaa vya kesho vitahitaji jiwe dogo kuliko vya leo.

Kila kilichobaki kirudishwe: unga, vipande vyembamba, hata chembe zilizogandishwa kwenye gundi ya kupimia, vyote vikiwa na nambari ya sampuli mama. Nambari hiyohiyo itajwe katika ripoti au makala, kwa sababu kipimo kisichoonyesha jiwe kilikotoka hakiwezi kurudiwa na mtu mwingine. Peleka nakala ya matokeo kwa mtunzaji hata kama hayakuthibitisha ulichotarajia. Ukigundua kwamba jina la lebo si sahihi, andika lebo mpya yenye jina unalopendekeza, jina lako, tarehe na njia uliyotumia, kisha uiweke juu ya zile za zamani. Hakuna lebo inayoondolewa, hata ile iliyokosea.

Hatua ya saba: kutoa mawe yako kwa makumbusho

Wengi waliopita njia hii hujikuta wana mawe ya kutoa. Makumbusho hayatapokea kila kitu, na kigezo chao cha kwanza mara nyingi si uzuri. Jiwe la kawaida lenye mahali, tarehe na jina la mkusanyaji lina nafasi kubwa kuliko fuwele ya kupendeza iliyonunuliwa bila historia. Usiloshe, usilipake mafuta, usiligundishe, na usilivunje ili litoshe boksi. Lifunge peke yake kwa karatasi laini, ubandike nambari nje ya kifungo, na uandike orodha inayolingana na nambari hizo.

Andaa pia hati za uhalali: ruhusa ya mwenye ardhi au mgodi, na kibali cha kutoa nje ya nchi pale kinapotakiwa. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unaohusu biashara haramu ya mali za kitamaduni unataja wazi mikusanyiko na sampuli adimu za madini, kwa hiyo makumbusho yanayojiheshimu yatauliza hati hizo hata kwa jiwe dogo. Usitarajie kuambiwa bei ya jiwe lako. Watunzaji wengi wamezuiwa kufanya hivyo ili wasionekane wafanyabiashara. Kitakachofuata ni hati ya kukabidhi umiliki, na baadaye nambari ya usajili. Ukiipata, fungua daftari lako la uwandani kwenye ukurasa wa siku ulipoliokota jiwe hilo, uiandike pembeni, kisha upeleke nakala ya ukurasa huo ikahifadhiwe pamoja nalo.